Naomba ushauri: rivolva ya .22 yenye fremu kubwa kwa shabaha, ina faida au ni uzito wa bure?

Mpwani wa Raskazone

Wakuu habari za saa hizi. Wakubwa shikamooni.

Nipo hapa Tanga mjini. Napiga shabaha kwa kujifurahisha tu, ila sasa nataka kujiingiza kwenye mashindano ya bastola ya mita 25. Ninayotumia ni ya klabu: rivolva ndogo ya .22 (yaani kipenyo cha risasi kwa inchi), mtutu inchi 3, chemba nane. Kwa mita 10 tunaelewana. Nikisogea mita 25 matundu yanatapakaa karatasi nzima, na sidhani kama lawama zote ni za mkono wangu.

Juzi mzee mmoja pale klabuni kanisimamia nikajaribu Smith & Wesson 617 yake, mtutu inchi 6, chemba kumi, chuma kisichoshika kutu. Jamani! Kilengeo cha mbele kilikaa palepale nilipokiweka. Lakini kufika silinda ya pili bega likaanza kulalamika, na kuvuta kifyatulio bila kurudisha nyundo kwanza ni kazi ya mtu aliyeshiba.

Sasa naomba mnisaidie. Huo ukubwa una faida ya kweli kwenye karatasi, au ni utamu wa kushika kitu kizito? Na kwa hewa yetu hii ya bahari, lazima iwe ya chuma cheupe, au hata zile nyeusi za zamani zinatunzika? Halafu wapo wanaoniambia rivolva niachane nayo kabisa.

Natanguliza shukrani.

Mtoto wa Barabara ya 13

Mkuu, hela hiyo si ungenunua bodaboda ikakuingizia? Haya, mimi nakaa pembeni nisome.

Karani Mstaafu

Marahaba kijana.

Kwanza tuwekane sawa. 617 watu wanaiita kubwa kwa sababu wametokea kwenye zile za mfukoni. Kiwandani kwao Smith & Wesson, fremu, yaani kiunzi cha bastola, zina herufi: J ndiyo ndogo, K ni ya kati, halafu L, na N ni kubwa, ile ya .44 Magnum. 617 imekaa kwenye K, fremu iliyoanza mwaka 1899 na rivolva ya .38. Mwaka 1931 wakaitolea ya .22 wakaiita K-22, baadaye ikaja K-22 Masterpiece, na walipoanza kuzipa namba mwaka 1957 ikawa Model 17. Hiyo uliyoishika ni mjukuu wake. Ruger nao wanayo GP100 ya .22, chemba kumi, mtutu wa inchi 5.5, kwenye fremu ileile wanayoipa .357 Magnum.

Kwa nini kirisasi kidogo vile kipewe chuma chote kile? Sababu kubwa ilikuwa mazoezi. Mpigaji wa .38 alitaka bastola yenye uzito uleule na kifyatulio kilekile, ila risasi za bei nafuu. Kama wewe huna .38, sababu hiyo si yako. Usimwachie mtu akuuzie kwa hadithi hiyo.

Sababu yako wewe ni nafasi kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Chukua hesabu nyepesi: tuseme vilengeo vyako vimeachana milimita 100, na cha mbele kimekwenda pembeni milimita 0.2 tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Mita 25 mbele risasi imeshahama sentimita 5. Vilengeo vikiachana milimita 200, kosa lilelile linakuhamisha sentimita 2.5. Na kwenye karatasi ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, ya mita 25, ile ya polepole, duara la kumi lina kipenyo cha sentimita 5. Sasa utajua matundu yako yanakokwenda.

Binti Kaole

Naandika kutoka Bagamoyo. Hesabu ya mzee haina ubishi, ila nayo ina bei yake.

617 ya inchi 6 ina takriban kilo moja na robo, na uzito mwingi uko mbele kwa sababu chini ya mtutu kuna chuma kinene kinachokwenda mpaka mdomoni. Kwenye .22 uzito huo si wa kuzuia teke, maana teke lenyewe halipo. Ni wa kutuliza mkono, kama baiskeli yenye mzigo isivyoyumbishwa na upepo. Lakini mkono usio na mazoezi ukichoka unashuka, na vilengeo virefu haviwezi kukuokoa hapo.

Kabla hujatoa senti, chukua chupa ya lita moja na nusu, tia maji lita moja na robo, nyoosha mkono mmoja usawa wa bega na ukae nayo muda wa risasi tano. Teremsha, pumzika, rudia. Fanya hivyo jioni kwa jioni. Ikiwa mwisho wa zoezi mkono unatetemeka, tafuta ya inchi 4, ambayo ina kama kilo 1.1, au Model 17 ya zamani yenye mtutu mwembamba. Hiyo ina inchi 6 na bado ni nyepesi kuliko 617.

Halafu kuna ukubwa wa mkono. Shika bastola tupu mtutu ukiwa sawasawa na mfupa wa mkono wako, kisha angalia kidole cha shahada kinafika wapi. Nyama ya pingili ya kwanza ikitua kwenye kifyatulio bila kuizungusha bastola kiganjani, fremu inakufaa. Ikibidi uizungushe ndipo ufike, kila risasi utaisukuma pembeni. Mimi vidole vyangu vifupi. Nilibadilisha mpini nikaweka mwembamba, mambo yakakaa sawa. Mpini unabadilishika, fremu haibadilishiki.

Fundi Chuma

Niongezee kwenye kifyatulio, maana hapo ndipo watu wanapoharibu vitu vya watu.

Risasi ya .22 haina kiwashio katikati ya kitako kama ya .38. Dawa ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini inatakiwa iuponde ule ukingo ndipo iwake. Hiyo inataka nyundo ipige kwa nguvu, na nyundo ya nguvu inataka springi ngumu. Ndiyo maana ukivuta moja kwa moja unakutana na kilo tano na ushei. Ukirudisha nyundo kwanza kwa dole gumba, kinashuka karibu kilo moja na nusu hadi mbili.

Sasa anakuja mjanja anakwambia "lete nikupunguzie springi." Usikubali. Italainika kweli, na utaanza kupata risasi zisizowaka, tena siku ya mashindano. Rivolva ya .38 inavumilia kulainishwa, ya .22 haina subira hiyo.

Jingine ni maganda. Chemba kumi maana yake maganda kumi yamekwama kwenye masizi kwa pamoja, na kijiti cha kuyatolea unakisukuma kwa kiganja kimoja. Silinda za mwanzo yanatoka yenyewe. Baadaye unasukuma mpaka kiganja kinabaki na alama. Elekeza mtutu juu unapotoa, ili maganda na chembe za baruti zianguke chini, zisijibane chini ya ile nyota ya kutolea, kile kibamba cha nyuma ya silinda kinachosukuma maganda. Ukiona pagumu, usigonge na kipande cha mbao. Pitisha brashi kwenye chemba, kavu tu, unaendelea.

Mzee wa Chumvi

Vijana, mnazunguka mbuyu. Mashindano ya .22 yalishahama kwenye rivolva zamani. Kuna nusu-otomatiki kama Model 41 ya Smith & Wesson na Ruger Mark IV, hizo kifyatulio chake ni laini kila risasi, huna haja ya kuvuta nyundo.

Kwenye risasi tano kwa dakika tano, hata rivolva utapeta, muda wa kurudisha nyundo upo tele. Lakini mchezo wa bastola ya kawaida una awamu ya risasi tano kwa sekunde 150, halafu sekunde 20, halafu sekunde 10. Kwenye hizo sekunde 10, mkono mmoja, utavuta nyundo saa ngapi? Utalazimika kukokota zile kilo tano mara tano. Mwenzio na nusu-otomatiki yake keshamaliza anakutazama.

Karani Mstaafu

Mzee mwenzangu, hapo umenena, sikupingi. Kwa kanuni tu, 617 haina tatizo: mita 25 wanataka bastola isizidi gramu 1400, mtutu usizidi milimita 153, kifyatulio kisipungue gramu 1000. Inchi 6 ni milimita 152.4. Imepita kwenye tundu la sindano. Ila kupita kwenye kanuni hakukupi ushindi.

Na wewe huyo kijana hukumwuliza anapiga mchezo gani.

Binti Kaole

Mimi nitaitetea rivolva kwa jambo moja ambalo wazee wangu mmelipita: risasi.

Nusu-otomatiki inaendeshwa na nguvu ya risasi yenyewe. Ukiipa risasi dhaifu, haikamilishi mwendo, ganda linabanwa mlangoni. Kila moja ina risasi inayoipenda. Huku kwetu hatuchagui, tunapiga iliyoletwa. Leo dukani kuna za kasi, ukirudi tena kuna za kawaida za aina nyingine, ukirudi tena hakuna kitu. Rivolva haijali. Silinda inazungushwa na kidole chako, iwe risasi ya nguvu au ya polepole.

Na zile za kawaida, zisizovuka mwendo wa sauti, ndizo nyingi zinazokusanya matundu vizuri kwenye shabaha. Ukizipata nunua kiasi leseni inachokuruhusu, za chapa moja.

Mtoto wa Barabara ya 13

Kumbe hata risasi zina mapenzi yake. Endeleeni.

Mpwani wa Raskazone

Ahsanteni sana, hasa dada wa Kaole. Hiyo ya chupa nimeanza jana, watoto wa nyumbani wananicheka.

Mzee wa Chumvi, mchezo ninaoulenga ni ule wa polepole, dakika tano. Klabu yetu ina huo tu kwa sasa. Kwa hiyo sekunde 10 hazinihusu bado. Maswali mawili: sita au kumi? Na kutu?

Fundi Chuma

Sita au kumi: mfululizo ni wa risasi tano. Sita zinatosha, kumi ni raha ya mazoezini. Ya kumi silinda inageuka kidogo kila ukivuta, wengine wanasema inatiririka zaidi. Kuzijaza kumi zile kwa vidole vyenye jasho nako ni shughuli. Usilipe zaidi kwa sababu ya namba.

Kutu: wewe unakaa Raskazone, bahari iko dirishani, mabati unayaona yanavyoliwa. Chuma cheupe nacho kinashika kutu, ila kinachelewa, kinakupa nafasi ya kuwahi. Nyeusi inatunzika kwa mtu asiye mvivu: ukirudi unafuta chumvi ya mikono, unapitisha mafuta mepesi, hata ya cherehani yanafaa, kila mahali palipoguswa na kidole. Masika ikiingia unaikagua hata kama hukuitumia. Na usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi inanywa unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Nimeona Model 17 nzuri kabisa imechorwa vidonda umbo la mkoba wake.

Kusafisha mtutu: rivolva huwezi kuingilia nyuma, fremu inazuia. Kwa hiyo tumia kamba ya kuvuta kutoka kwenye silinda kwenda mdomoni. Ukitumia fimbo kutokea mbele bila kinga, unaukwangua mdomo wa mtutu, na pale ndipo risasi inapoagana na bastola.

Karani Mstaafu

Makaratasi, kijana. Anza nayo kabla ya kumpa mtu malipo ya awali. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na safari inaanzia serikali ya mtaa wako kabla ya kufika polisi. Kila silaha na leseni yake. Ya mwenzio haikuhusu hata kwa siku moja nyumbani kwako. Na uwe na sanduku la chuma lililofungwa ukutani, risasi zikae mbali na bastola.

Na wale wanaosema .22 ni ya kuchezea: inaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu ikikosa kizuizi. Kingo ya udongo kwanza, karatasi baadaye.

Mzee wa Chumvi

Miwani pia, wewe na aliye pembeni yako. Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo mdogo, chembe za risasi na moto hutokea ubavuni. Anayesimama sambamba na silinda ndiye anayezipata usoni.

Basi kama ni mchezo wa polepole, nakubali. Chukua rivolva.

Mpwani wa Raskazone

Nimeelewa. Bega likikubali natafuta ya inchi 6 yenye mtutu mwembamba, likikataa nachukua 617 ya inchi 4. Yule mzee anamjua mtu ana Model 17 anataka kuiuza kihalali. Nikienda kuiona niangalie nini?

Fundi Chuma

Fungua silinda uhakikishe ni tupu, wewe mwenyewe, hata kama kakuonyesha. Halafu tazama midomo ya chemba upande wa pini. Ukiona vijidoa vimebonyea ukingoni, imefyatuliwa tupu sana, na hapo risasi zitaingia kwa kusukumwa. Zile plastiki za njano za kukazia skrubu ukutani zinaingia kwenye chemba za .22, watu wanazitumia kulinda ukingo wakati wa mazoezi makavu. Muulize kama alikuwa nazo.

Funga silinda. Rudisha nyundo polepole sana, chemba moja moja, usikilize silinda inajifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Zote sita. Ikichelewa hata moja, bei ishuke. Tikisa silinda mbele na nyuma: ikicheza waziwazi, mwambie mtaonana siku nyingine.

Kisha omba mpige klabuni, tano tano, chemba ileile kwenye karatasi yake. Mara nyingi kuna moja inayokwenda kivyake. Ukiijua, weka alama ya wino nyuma ya silinda na kwenye mashindano unaiacha tupu. Una sita, unahitaji tano.