Jimny 1.3, Malindi: matairi ya A/T (ya njia zote, lami na porini) ya saizi gani, na yawe magumu kiasi gani?

MkwajuWaGede

Waungwana, salamu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Gari ni Suzuki Jimny JB43, injini ya 1.3, gia za mkono, springi bado za kiwanda. Limevaa 205/70R15 (upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 15) za lami kwenye rimu za chuma za inchi 5.5, na meno yameshafika kwenye vile vinundu vya kuonyesha kuwa tairi limekwisha. Nusu ya mwendo ni lami, Malindi hadi Mombasa na kurudi. Nusu nyingine ni marumu (barabara ya changarawe isiyo na lami) ya Marafa, mchanga wa Mambrui kuelekea Ngomeni, na mara mojamoja yale matope meusi ya upande wa Garsen ukitoka barabara kuu. Kwa kawaida ni watu wawili, kasha la barafu na vyombo vya kuvulia.

Duka la kwanza wanasema nivae 235/75R15 "gari lisimame". La pili wanasema nichukue ya ply 8 (ugumu wa tabaka nane), ati hayatoboki. La tatu wanasema A/T ni urembo tu, ninunue ya lami tena. Nani ana haki? Na mchangani nibakishe upepo kiasi gani?

FundiMpira

235 isahau. Tairi la 235/75R15 lina kipenyo cha milimita 733 hivi, na lako lina 668. Hiyo ni karibu asilimia 10. Kwa springi za kiwanda litasugua bampa ya mbele ukikata kona, na usukani ukifika mwisho litagusa ile mikono mirefu inayoshika ekseli. Halafu kuna rimu: 235/75 inataka inchi 6 kwenda juu, wewe una 5.5. Ukililazimisha, mabega yanavutwa ndani, uso wa tairi unatuna katikati kama kitumbua, na sehemu hiyo ndiyo inayoliwa na lami peke yake. Na kwa injini ya 1.3, gia ya tano itabaki pambo.

Kwako zipo saizi tatu za kufikiria. 205/70 ni hiyo hiyo ya kiwanda na haina mjadala, ila haikuongezei kitu. 215/75R15 ina kipenyo cha 703 au 704, inainua difu (kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli) milimita 18 hivi. Nyingi huingia, lakini gari likipinda sana gurudumu moja likiwa juu, tairi linaweza kulamba plastiki ya ndani ya fenda, na wengine huishia kuikata kidogo. Ya tatu, na ndiyo ningekushauri, ni 195/80R15. Kipenyo 693, difu inapanda milimita 12, na hakuna kinachokatwa. Ni saizi ya kiwanda ya Jimny ya umbo jipya, JB74, iliyotoka 2018, nayo inatumia rimu ya inchi 5.5 kama yako.

Najua utasema 195 ni jembamba kuliko 205, sasa mchangani itakuwaje. Ukipunguza upepo, alama ya tairi ardhini hurefuka zaidi kuliko inavyopanuka. Kinachokupa urefu huo ni kimo cha ubavu. 205/70 ina ubavu wa milimita 143 na nusu, 195/80 ina 156. Yaani lina nafasi zaidi ya kulala. Kwa gari la tani moja na ushei, hilo linatosha.

Spidomita ikisoma 100 utakuwa kwenye 103 au 104, ukichukulia kwamba sasa inasema kweli. Nyingi za kiwanda husoma juu kidogo, kwa hiyo huenda mabadiliko yakakukaribisha kwenye ukweli.

Kuhusu A/T kuwa urembo: mchangani kweli hayana ajabu. Tairi la lami lililolika, likipunguzwa upepo vizuri, hupita mchanga mkavu bila kuchimba. Faida ya A/T utaiona kwenye marumu yenye kokoto na yale mawimbi ya barabara. Mpira wake haumeguki upesi, na mifereji yake ni mipana, inatema changarawe.

Ngalawa_na_Gia

Nakubali 235 itoke. Ila kuhusu ubavu laini, ndugu yangu FundiMpira, umeusahau mwamba wa matumbawe. Ukiacha barabara kutafuta njia za kwenda ufuoni, kuna mawe yale ya kale yaliyochomoza yenye ncha kama vigae vya chupa. Yanapasua ubavu, na ubavu uliopasuka hakuna kiraka cha kuuamini. Kwa njia hizo LT (tairi gumu la gari la mizigo midogo) ya ply 6, kwa mfano 215/75R15 yenye namba ya uzito 100/97, ina maana. BFGoodrich KO2 imetoka kwa saizi hiyo.

Usiende ply 8 lakini. Hapo nimo nawe.

FundiMpira

Haki yako kwa matumbawe. Lakini aangalie anacholipa. LT ya 215/75 inaweza kuzidi tairi la kawaida la 195/80 kwa kilo 3 au 4 kila gurudumu. Kilo hizo ziko chini ya springi, kwa hiyo shokabu za Jimny na injini ya 1.3 zitazihisi kila wakati, kwenye lami ya Mombasa hata zaidi kuliko kwenye mawe. Aliyeandika anapita marumu na mchanga, matumbawe hakuyataja. Na kwenye matumbawe dawa kubwa si ply, ni kutoingia na upepo wa mchangani. Tairi la psi 14 (psi ni kipimo cha upepo) limetoa mashavu nje, na jiwe linakutana na shavu kabla ya meno. Rudisha 22 hadi 24, ingia gia ya 4L (magurudumu yote manne, gia nzito), tembea mwendo wa mtu kwa miguu, na upandishe meno juu ya jiwe badala ya kulipita ubavuni.

MkwajuWaGede

Ahsanteni. Nimeuliza 195/80R15, duka moja wanazo tele na bei nzuri. Ubavuni imeandikwa 195/80R15 107/105 LT. Ndizo?

Mzee_wa_Geji

Sizo! Hizo ni za Hiace, za matatu. Saizi ni ile ile, tairi ni jingine kabisa, ndiyo maana ziko tele.

Soma namba inayofuata saizi. Jimny inataka 96 hivi: kila tairi linabeba kilo 710. Manne ni kilo 2,840, na gari lako likijaa halifiki 1,500. 107 ni kilo 975 kwa tairi moja, tena kwa upepo mwingi wa gari la mizigo. Ukiliweka chini ya Jimny kwa psi 26 litakaa kama gogo. Marumu itakutoa meno, breki kwenye lami iliyolowa zitakuwa mbovu kwa sababu uso haukai chini sawasawa, na mchangani utatoa upepo hadi 12 ubavu bado umesimama wima. Ndiyo maana ya "hayatoboki": hayalali pia. Na mwiba wa mathenge hauulizi ply, unaingilia kwenye mifereji ambako mpira ni mwembamba.

Baada ya 96 kuna herufi. S ni kilomita 180 kwa saa, T 190, H 210. Yoyote inakutosha. Geolandar A/T G015 ya Yokohama hutoka ikiwa 195/80R15 96H, kwa hiyo saizi yenye namba sahihi ipo, ni ya kuagiza tu kama duka hawana. Alama ya mlima wenye chembe ya theluji usiilipie nyongeza, labda kama unahamia Mlima Kenya.

Mwisho kabisa tafuta tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara kirefu, baada ya herufi za DOT. 3423 ni wiki ya 34 ya mwaka 2023. Huandikwa kamili upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo ukikosa, mwambie akugeuzie. Kwa joto letu na chumvi hii, tairi lililokaa stoo miaka mitano lisikushawishi kwa ung'avu. Kunja ubavu kwa dole gumba uangalie nyufa kama za nywele.

Sasa upepo, maana hapo ndipo swali lako lilipo kweli.

Lami: anza na kibandiko cha mlangoni, kwa Jimny ni karibu psi 26, ukipima asubuhi kabla gari halijatembea. Kuhakiki, chora mstari wa chaki mpana kukata uso wa tairi, begani hadi begani, kisha endesha mita 100 barabara iliyonyooka. Chaki ikifutika katikati tu, punguza 2. Ikifutika mabegani ikabaki katikati, ongeza 2. Kila aina ya tairi ina jibu lake, kwa hiyo fanya upya ukibadilisha.

Marumu: 20 hadi 22, na usizidi 60 kwa saa. Upepo ukiwa chini na mwendo ukiwa juu, ubavu unachemka. Shika tairi baada ya nusu saa. Likiwa la moto hata mkono haukai, ama ongeza upepo ama punguza mwendo.

Mchanga wa Mambrui: anza na 15 kabla hujaingia, si baada ya kuzama. Mchanga ukiwa mkavu na laini kama unga, 12. Chini ya 10 ni ya kujinasua tu, kwa mwendo wa kobe, bila kukata kona kali, kwa sababu mdomo wa tairi utatoka kwenye rimu na mchanga ujae ndani. Usikanyage breki kusimama. Achia mafuta, gari lijisimamie lenyewe, la sivyo utajijengea tuta mbele ya kila gurudumu. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, acha papo hapo. Futa mchanga mbele na nyuma ya tairi, rudi kinyumenyume kwenye nyayo zako mwenyewe, kisha ingia tena. Na angalia kalenda ya maji: siku za bamvua maji yanapanda juu sana na ufuo unabaki mwembamba, gari lililozama halina pa kusubiri. Juu ya mstari wa maji kuna mayai ya kasa, usiendeshe huko.

Kutoa upepo kwa kubonyeza valvu na msumari kunachosha. Nunua kifunguo cha kutoa moyo wa valvu, ila ukamate kidoleni, ukianguka mchangani kwaheri. Kompresa ya volti 12 uiunge kwenye betri yenyewe, injini ikiwa inanguruma. Tundu la sigara lina fyuzi ndogo na kompresa ya maana itaiunguza.

Ngalawa_na_Gia

Mzee umemaliza mchanga, niongeze tope. Ule udongo mweusi wa Tana unajaza mifereji ya A/T ndani ya mizunguko michache, na ukijaa una matairi manne ya kipara. Shusha hadi 18, tumia gia ya pili kwenye 4H (magurudumu manne, gia nyepesi), na uweke magurudumu yanazunguka kiasi cha kujitema tope. Ukishuka sana kwenye mwendo umekwama. Matairi ya M/T (ya tope, meno makubwa) yanafaa zaidi hapo, lakini kwa mtu ambaye nusu ya mwendo wake ni lami yatakuwa kelele na kwenye mvua yatateleza. Mvua ikishanyesha siku tatu mfululizo, hata M/T hayakufikishi, ngoja jua.

Mokowe_Jeti

Huku kwetu, ukitoka Garsen ni lami hadi Mokowe, gari unaliacha jeti, Lamu kwenyewe ni punda na miguu. Kwa hiyo niseme moja tu: nunua matano, si manne. Jimny haina difu ya katikati, ya kuruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Spea ya 668 pamoja na matatu ya 693, ukiingia 4H kwenye marumu ngumu, gia inajifunga na lazima kitu kiteseke. Yazungushe yote matano kila kilomita 8,000 hivi, la sivyo ya nyuma yatakwisha peke yake.

FundiMpira

Na baada ya kuyavaa: balansi, kisha nati kwa 95 Nm, ukaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Usukani ukianza kutikisika kati ya 60 na 80, usikimbilie kununua shokabu ya usukani, hiyo inaficha tu. Rudia balansi kwanza. Ukiendelea, inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, lisukume na ulivute. Likicheza, na beringi za gurudumu ni nzima, ni beringi za kingpini, pale gurudumu la mbele linapopindia.

Kitu kimoja cha huku pwani. Rimu zako ni za chuma. Tairi la zamani likitoka, kabla jipya halijaingia, tazama pale mdomo wa tairi unapokaa. Kutu ya chumvi hufanya magamba hapo, na upepo utakuwa unapungua psi 2 au 3 kila wiki bila pancha. Fundi aisugue kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, apake rangi ikauke, abadilishe valvu, ndipo avae. Tairi likishajaa, mwagia maji ya sabuni kuzunguka ukingo wote wa rimu, pande mbili, na usubiri dakika mbili kabla ya kusema hakuna povu.