Watoto wababe shuleni: mliwatambuaje, na kwao kukoje? Tupeane uzoefu

Wakuu, kijana wangu wa darasa la sita anaonewa na mwenzake. Nilienda shule nikitegemea kukutana na mtoto jeuri, kaptula imechanika. Nikamkuta kanyoosha shati, shikamoo ya heshima, na mwalimu wa darasa anamsifu. Nyie mliosoma nao au mnaowafundisha, watoto hawa mnawajuaje?

Mwalimu wa msingi: Mkuu, huyo wa shikamoo ndiye mwenyewe. Mbabe anajua nani wa kumheshimu. Mimi simtazami darasani, namtazama kwenye foleni ya uji. Akichomekea mbele, wenzake wanampisha kimya, na pembeni kuna wawili watatu wanaocheka kabla hajamaliza utani wake. Marehemu Dan Olweus, aliyechunguza uonevu mashuleni huko Sweden na Norway kuanzia miaka ya 1970, aliikataa dhana kwamba wababe ni wanyonge wanaojificha. Wengi aliwakuta hawana wasiwasi wala hawajidharau. Nyumbani alitaja mzazi asiye na upendo, anayefumbia macho ukorofi, au anayelea kwa kipigo. Na hulka ya mtoto mwenyewe pia imo.

Nilisoma bweni: Kwetu njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, alifua nguo za wakubwa na kuwachotea maji. Waliokuwa wakali kupindukia kidato cha pili ni walewale waliolia sana mwaka uliotangulia.

Mama wa Tanga: Nilikaa na mtoto wa shemeji yangu. Kwao baba akifungua geti, redio inazimwa. Siku moja nikamsikia anamfokea mwanangu, "Unanijua mimi ni nani?" Mkono kiunoni, kidole juu, baba yake mtupu!

Jirani mwema: Si kipigo tu jamani. Hapa mtaani kuna mmoja hajawahi kuambiwa hapana. Alimpiga dada wa kazi na kopo, mama yake akacheka, "Kidume changu hicho."

Dada mkubwa: Wa kike msiwasahau. Hawapigi, wanakutenga. Ukikaa, benchi zima linahama.

Mleta mada: Asanteni. Nimemuuliza kijana nani huwa wanacheka, kataja watatu bila kufikiri. Kesho naenda kwa mwalimu wa nidhamu.

Mwalimu wa msingi: Nenda, ila usiombe achapwe. Hasira zile atazimalizia kwa kijana wako wakirudi nyumbani. Omba waitwe wazazi wake, na wale watatu waitwe mmoja mmoja.