Jumuiya yetu imebaki watu sita, tufanyeje?

MamaRau (Moshi)
Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa, KKKT (Walutheri), huku Rau. Jumuiya yetu, yaani majirani tunaosali pamoja, ina kaya 23, lakini Jumamosi alfajiri tunakutana watu sita, wanne wakiwa wajane waliopita miaka sabini. Vijana saa hizo wako kwenye bodaboda au soko la Kiboriloni. Kinachoniumiza zaidi ni hiki: nilimtembelea jirani aliyepotea tangu Pasaka, akaniuliza mlangoni, "Mama, umekuja na daftari?" Daftari la michango! Usiku ule sikulala. Tumenunua kinanda, tumenunua spika, kumbe watu wanakimbia daftari. Mlioona jumuiya ikifufuka, ilikuwaje?

Sanawari (Arusha)
Shikamoo mama. Mimi Mkatoliki. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele tangu 1976, na kwetu pia michango ilikuwa imezikalia. Tuliihamishia kwa mweka hazina, kwa simu. Kwenye jumuiya haitajwi kabisa. Tukarudia zile hatua saba za kushirikishana Injili: Injili inasomwa, kila mtu anatamka neno lililomgusa, kimya, ndipo tunashirikishana. Hakuna anayehubiri. Wiki ya tatu fundi gereji mmoja, mtu asiyefungua kinywa, alitamka "mkate wetu wa kila siku". Baada ya kimya akasema wanawe hawajala tangu jana. Hakuna aliyekwenda kulala kabla unga haujafika kwake.

KijanaWaKidia
Shikamoo mama. Huku kwetu Old Moshi, mmisionari Bruno Gutmann, aliyeondoka 1938, alijenga usharika juu ya vitu ambavyo Wachaga tayari walikuwa navyo: ukoo, ujirani, rika. Kuna waliomlaumu kwamba anang'ang'ania ya kale, na kwa mengine naona walikuwa na haki. Lakini kwenye rika alituachia kitu. Vijana wenu wanalo tayari, ni kile kijiwe cha bodaboda. Msiwaite, wafuateni saa nne, abiria wakipungua.

MamaRau (Moshi)
Marahaba wanangu. Leo nimekwenda kijiweni na chupa ya chai na mihogo. Walikuwa saba, wawili niliwafundisha kipaimara mwenyewe. Sikufungua Biblia, nilikaa tu kwenye benchi lao. Nilipoinuka, mmoja akasema, "Mama, mwenzetu kavunjika mguu, amelazwa. Tumwombee?" Tukaomba palepale, pikipiki zikipita. Kesho wananibeba twende kumwona. Daftari nimemkabidhi mweka hazina.