Naomba ushauri: vitu vilivyoishia nusu kwenye gemu ya uigaji

Habari zenu wakuu. Nimekwama, naomba mnisaidie mawazo.

Natengeneza gemu ambayo mafundi wake wanaunda vitu kwa hatua. Mfano kiti: kupasua mbao, kupiga randa, kuchonga miguu, kuunganisha, kupaka vanishi. Kazi inaweza kukatika popote, fundi akisikia njaa au usingizi, kiti kikabaki nusu.

Mwanzoni kila hatua niliipa kitu chake chenye jina lake. Bidhaa 30 zikanizalia vitu zaidi ya 120, ghala likawa halisomeki. Sasa nina kitu kimoja tu, "kazi isiyokamilika", kinachobeba namba ya hatua, asilimia ya kazi na malighafi iliyotumika. Ni safi zaidi, ila vitu hivyo havirundikani pamoja ghalani, maana kiti cha 40% si sawa na cha 65%. Nikajaribu kurudisha asilimia hadi mwanzo wa hatua. Vikarundikana vizuri, lakini mchezaji anapoteza kazi aliyokwisha kuifanya, na hilo linaniuma sana.

Gemu ya RimWorld, ya kusimamia koloni, huiacha kazi ya namna hii kwa fundi yule yule aliyeianza. Naupenda utaratibu huo kwa sababu ubora unabaki wa mtu mmoja, ila kwangu mafundi hufa mara kwa mara.

Je, nikiruhusu fundi mwingine amalizie, ubora niukokotoe kwa uzito wa kazi ya kila mmoja, au aliyemaliza ndiye aamue? Na kazi ikivunjwa, mmewahi kurudisha malighafi kiasi gani bila kuharibu uwiano wa gemu?