Nitajuaje kama kitabu cha watoto ni chapa ya kwanza?

MamaWambui_Nakuru
Hamjambo wapenzi wa vitabu. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, amenipa katoni ya vitabu vya watoto. Viwili vinaninyima usingizi. Kimoja ni The Tale of Peter Rabbit, kidogo cha kuenea kiganjani, ndani kimeandikwa "Copyright 1902". Kingine ni The Hare's Blanket cha Asenath Bole Odaga, East African Publishing House, "First published 1967", kina muhuri wa maktaba ya shule. Jirani anasema nikimbilie kuuza hicho cha 1902. Naombeni mwongozo.

VitabuKibuye
Dada, tumalizane kwanza na sungura wa Uingereza. 1902 hiyo ni ya hakimiliki tu. Wachapishaji wake, Frederick Warne, wamekichapa miaka nenda miaka rudi na mwaka huo wameuacha pale pale. Mwandishi wake, Beatrix Potter, alitoa nakala 250 kwa fedha zake Desemba 1901, kisha Warne wakatoa chapa yao Oktoba 1902, na hiyo ina mwaka mbele, kwenye ukurasa wenye jina la kitabu. Geuza pia jalada la nyuma. Ukikuta ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, basi si chapa ya kwanza: mfumo huo ulikuwa bado haujazaliwa.

Vitabu vingi vya siku hizi vina safu ya namba kwenye ukurasa wa hakimiliki, na ile ndogo kuliko zote ndiyo chapa uliyoshika. Harry Potter ya kwanza kabisa, Bloomsbury 1997, nakala 500 za jalada gumu, safu yake inashuka kutoka 10 mpaka 1.

Sasa cha Mama Odaga, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kwenye vitabu vyetu vya zamani tafuta neno "Reprinted" chini ya "First published". Lisipokuwepo ni dalili njema, lakini usiishie hapo. Soma jina la mchapishaji. Heinemann Kenya waligeuka East African Educational Publishers mwaka 1992, kwa hiyo kitabu chenye jina hilo jipya na "First published 1975" ni chapa ya baadaye, hata kama muuzaji ataapa. Soma na anwani: msimbo wa posta kama 40100 wa hapa Kisumu haukuwepo miaka ya sitini. Halafu fungua karatasi ya kuazimia. Kitabu hakiwezi kuazimwa kabla hakijachapwa!

Vitabu hivi vilipita mikononi mwa darasa zima, vikavikwa magazeti, vikasomwa mpaka vikaisha. Kilichobaki kizima ni cha kutunzwa. Na huyu mama ni wetu: duka lake la vitabu na Lake Publishers vilikuwa hapa hapa Kisumu.

Mkutubi_Kakamega
Naongezea: usibandike seloteipu, gundi yake hula karatasi. Usijaribu kufuta muhuri. Pini zikiwa na kutu usizing'oe mwenyewe. Kiweke kwenye bahasha safi ya karatasi, mbali na ukuta wenye unyevu, na usikifunge kwa raba.

MamaWambui_Nakuru
Asanteni sana. Peter Rabbit ana ISBN, nimempa mwanangu asome. Cha Odaga hakina "Reprinted" popote, na tarehe ya kwanza ya kuazimwa ni Machi 1968. Nimtafute mnunuzi wapi?

VitabuKibuye
Machi 1968! Hapo umekaribia sana, dada. Ila kabla ya mnunuzi, angalia kama shule iligonga muhuri wa kukiondoa maktabani. Kama haupo, muulize shangazi kilimfikiaje, kisha upige simu shuleni. Mnunuzi makini atauliza hilo kabla ya bei, na wakisema bado ni chao, kirudi kwao. Wakikuachia, omba barua yenye muhuri uiweke pamoja na kitabu. Nitumie picha ya ukurasa wa hakimiliki, tafadhali, nataka kuulinganisha na wa Jande's Ambition, kitabu chake kingine cha 1966 nilicho nacho hapa.