Ekzozi ya Hilux ya zamani: mtumba, mpya ya dukani au niundiwe na fundi?

Machungwa_Muheza
Wakuu habari zenu. Nina pikapu yangu Hilux ya zamani, ekzozi imekufa, inanguruma mpaka aibu nikipita msikitini. Nimezunguka nimepata njia tatu. Kuna mtumba wa Japani laki 3 na nusu, kuna mpya ya dukani jamaa anataka laki 6 kasoro kidogo, halafu fundi wa kuchomelea hapa mjini anasema ananiundia kwa bomba jipya na sailensa ya kawaida kwa laki na 80, kazi humo humo. Gari ndio inayonilisha, nataka nimalize wiki hii. Nichukue ipi?

Spana17
Mkuu maneno mengi ila ya maana umeyaacha. Hilux ipi? Ya mwaka gani, dizeli au petroli, ina tabo au haina? Na kilichooza ni nini, bomba la mbele, kopo (yaani sailensa) au mkia (bomba la nyuma)? Huo mtumba ni mzima wote au ni kopo peke yake? Bila hayo tutabahatisha tu.

MamaRavu
Na moshi unaingia kebini au hauingii? Hilo jibu la kwanza kabla ya bei.

FundiGerezani
Niko Gerezani Dar, kazi yangu ndio hii. Kama ni dizeli ya zamani usihangaike na laki 6. Uundiwe. Lakini sio kila mwenye mashine ya kuchomelea ni fundi wa ekzozi, tafuta anayejua.

Mzizima4x4
Mtumba wa Japani ndio jibu. Chuma cha kiwandani kimepakwa aluminiamu, hakiozi haraka kama haya mabomba meusi ya hadwea, na kinakaa kwenye hanga zake bila kulazimisha. Mimi sinunui kingine.

PwaniMoja
Mzizima huo mtumba umetoka kwenye gari iliyokatwa huko Japani, na kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu. Nje unaona kizuri, ndani kimeshaliwa. Sailensa inaoza kuanzia ndani, moshi una mvuke, ukisafiri safari fupi fupi kopo halipati moto wa kutosha, maji yanabaki mle chini. Ukienda kununua liinue ulitikise, likichakacha kama njuga acha hapo hapo.

Ila hata kuundiwa muwe makini, ngoja nieleze yaliyonipata. Nilipeleka pikapu yangu kwa jamaa mmoja mwenye jina mjini kwetu, akanihakikishia bomba ni la ekzozi, mimi nikaenda zangu sokoni. Kumbe kaweka bomba la maji, lile la galvanaizi. Kijana wake aliyechomelea alivuta ule moshi mweupe, usiku akatetemeka kwa homa, ile ni zinki, ukiichoma ukaivuta unapata homa ya mafundi. Halafu lile bomba ni nene mno, zito, ekzozi ya kawaida ukuta wake ni milimita 1.5 hivi, hili lilikuwa karibu mara mbili. Barabara ya vumbi ile, raba za kushikilia zikaanza kukatika moja moja, uzito wote ukahamia mbele kwenye flenji ya manifodi, pale ekzozi inapofungwa kwenye injini, flenji ikapasuka. Sauti haikubadilika sana kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Moshi ukawa unapandia kwenye lile tundu la gia. Mke wangu akaanza kuumwa kichwa na kutapika kila tukisafiri, tukadhani malaria, tukapima hakuna kitu. Mpaka siku dereva tuliyempa gari alisinzia mchana kweupe akaingia mtaroni, Mungu mkubwa hakuumia, ndio tukalala chini ya gari tukaona ufa. Ile hewa ya sumu ya moshi, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, unachonusa ni vitu vingine vya moshi, inayoua huinusi. Fundi nilipomrudia akasema barabara zetu mbovu. Basi.

MamaRavu
Pole sana kaka. Ndio maana niliuliza kebini.

Machungwa_Muheza
Samahani wakuu nilikuwa shamba hakuna mtandao. Ni modeli ya LN106 ya 1994, injini inaitwa 3L, dizeli, haina tabo. Kilichooza ni kopo upande wa chini na pale bomba linapopita juu ya eksili ya nyuma. Mbele sijaangalia. Moshi kebini nausikia kidogo nikiwa foleni vioo vikiwa wazi. Mtumba ni kopo na mkia, la mbele hana.

Spana17
Ona sasa. Kumbe laki 3 na nusu ni nusu ekzozi.

NyotaChalinze
3L hiyo kata kopo tupa, piga bomba moja kwa moja mpaka nyuma. Gari itavuta wewe mwenyewe utashangaa.

FundiGerezani
Nyota usimpotoshe mwenzio. 3L ni jina tu, ni injini ya lita 2.8 inayovuta hewa yenyewe bila tabo, nguvu yake iko chini kwenye mzunguko mdogo, haibanwi na kopo lililo zima. Utapata kelele utadhani ni nguvu. Na trafiki utawajibu nini?

NyotaChalinze
Mimi yangu iko hivyo na napanda nayo Lushoto na mzigo. Siongei ya kusikia.

MsafwaniMombasa
Mimi niko Mombasa, huku chumvi ya bahari inakula kila kitu, egzosti ya chuma cha kawaida haikai. Nilichukua stenlesi kwa jamaa wanaotengeneza masinki ya mahoteli, bei ilikuwa juu lakini nimetulia. Tanga si ni pwani vilevile? Chukua stenlesi ndugu, lakini nenda na sumaku, ikishika hiyo si stenlesi.

FundiGerezani
Hapo kwenye sumaku sio kweli yote. Stenlesi ya daraja la 304 ya masinki haishiki, lakini ya 409, ambayo viwanda vingi vya magari wanatumia kwa ekzozi, inashika kabisa. Unaweza ukaikataa nzuri. Na ukiunganisha stenlesi na chuma cha kawaida fundi atumie vijiti vya kuchomelea vya 309, akitumia vya kuchomelea mageti pale kwenye maungio patapasuka mapema.

Kibarua_Ubungo
Msisahau masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzozi! Mkimwachia fundi gari anatoa masega anauza.

Spana17
LN106 ya dizeli ina masega gani wewe? Haikutoka nayo kiwandani.

Kibarua_Ubungo
Nasema kwa faida ya wote, wapo wenye petroli humu. Ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndio maana wanunuzi wanazunguka mpaka gereji za vichochoroni.

Mzizima4x4
Hiyo anzisha mada yako.

FundiGerezani
Muheza nisikilize. Ukiamua kuundiwa, kaa pale pale. Mwambie akuonyeshe bomba kabla hajakata. Kona wengine wanajaza mchanga mkavu wanapasha moto wanakunja, ikifanywa taratibu haibonyei, wengine wanaunga kona za tayari. Zote sawa, muhimu pale juu ya eksili liachwe nafasi, ukipakia mzigo springi zikikaa lisigonge. Betri itolewe terminali kabla hajawasha mashine, usije ukapoteza alteneta. Gasketi ya flenji mpya, hanga ziwe raba sio waya. Na kama paipu za breki ziko karibu azikinge, na tenki pia. Laki na 80 kwa kopo na mkia sio bei mbaya.

Mzizima4x4
Wewe unauza kazi yako lazima useme hivyo.

FundiGerezani
Yeye yuko Muheza mimi niko Dar, nitamuuzia nini?

Machungwa_Muheza
Asanteni, leo nimepiga jeki nikaangalia mbele, kuna weusi wa masizi umezunguka flenji ya manifodi na stadi moja (bolti ya kuishikilia) haipo. Fundi anasema aongezewe 40. Mwenye duka naye kashuka mpaka laki 5 na 20, yake inakuja na la mbele. Nawaza.

PwaniMoja
Kabla ya kuwaza fungua vioo vyote na usimpakie mtoto. Masizi kwenye flenji ndio huo moshi wako wa foleni. Ziba hapo kesho asubuhi, kopo lisubiri.

MamaRavu
Sahihi kabisa. Stadi na gasketi ni pesa ndogo.

NyotaChalinze
Stadi ya zamani ukiifungua kwa nguvu inakatikia ndani ya manifodi. Ipashe moto kwanza, weka mafuta, iache usiku.

Kijana_Mlalo
Wakuu naingilia kidogo, yangu pia 3L, inatoa moshi mweusi mlimani na dizeli inakula sana. Inaweza kuwa ekzozi imeziba?

Spana17
Weka maelezo mkuu. Filta ya hewa umebadilisha lini? Nozeli zinazonyunyizia dizeli zimepimwa? Pampu ya dizeli iliguswa na nani?

Kijana_Mlalo
Pampu iliguswa mwaka jana. Nozeli sijui.

FundiGerezani
Aliyeigusa kaongeza mafuta kwa bisibisi. Anza na filta, kisha peleka nozeli zikapimwe.