Naomba ushauri: kuoanisha majina ya wakulima

Habari za kazi wakuu. Niko Tukuyu, nasaidia ushirika wetu wa chai. Daftari la wanachama halina namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), na orodha ya malipo ya simu ina majina tu. Daftarini ni Anyelwisye, kwenye simu Anyerwisye. Nimejaribu Soundex, njia ya kugeuza jina kuwa msimbo kufuatana na linavyosikika: L inapewa 4, R inapewa 6, basi mtu mmoja anageuka wawili. Halafu Mwakyusa na Mwaikusa wote wanapata msimbo uleule, M220! Sishangai, ilitengenezwa kwa majina ya Kizungu.

Nafikiria kuongeza kijiji na jina la baba. Mwaka wa kuzaliwa siuamini, wazee wengi waliandikiwa kwa kukadiria. Aliyewahi kufanya kazi hii kwa majina ya Kinyakyusa, ulianzia wapi?